Upasuaji wa Kupunguza Uzito: Kujua Kwanza, Kuamua Baadaye

 

Ndugu wasomaji, nawaandikia tena kutoka Nakuru, mji wa bara ambao jamaa zetu wengi wa pwani wamezaana na kuzikana ndani yake tangu zama za reli. Swali ninaloulizwa zaidi siku hizi baada ya darsa la akina mama, na kwa simu kutoka Mombasa na Malindi, si la talaka wala la mirathi. Ni la tumbo. "Sheikh, yafaa mtu akatwe tumbo ili apungue?" Aulizaye huwa ameshusha sauti, kana kwamba ametaja jambo la aibu.

Jibu fupi ninalo, nami nitalitoa. Lakini nimeona kwamba jibu fupi peke yake hudhuru. Mtu akisikia "yafaa" hudhani ameambiwa "fanya". Akisikia "haifai" hurudi nyumbani na kisukari chake akaketi kuingoja siku yake. Baina ya hukumu ya kisheria na uamuzi wa mtu juu ya mwili wake pana uwanja mpana wa ilimu, na huo ndio tutakaoupita leo.

Tuanze na hukumu, ili aliye na wasiwasi atulie. Jopo la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Putrajaya, nchini Malaysia, mwezi wa Julai 2007, likatoa azimio namba 173 kuhusu upasuaji wa urembo. Humo wanazuoni waliruhusu kupunguza uzito kwa njia za kitaalamu zinazokubalika, upasuaji ukiwemo, kwa masharti matatu: uzito uwe umefikia kuwa maradhi, isiwepo njia nyingine isipokuwa upasuaji, na mtu awe amesalimika na madhara. Azimio lilitaja unyonyaji wa mafuta. Upasuaji wa tumbo, ambao ndio tiba hasa ya maradhi haya, naona umestahiki zaidi kuingia katika hukumu hiyo.

Yatazameni vyema masharti hayo. Hakuna hata moja ambalo sheikh anaweza kulithibitisha akiwa ameketi juu ya msala wake. Ni nani ajuaye kama uzito umekuwa maradhi? Ni daktari mwenye mizani na vipimo vya damu. Ni nani ajuaye kama njia nyingine zimekwisha? Ni mgonjwa mwenyewe, aliyezijaribu. Basi mwenye kuuliza fatwa bila ya kwenda kwa tabibu amemletea mufti mzigo usio na kamba.

Kipimo kinachotumika hospitalini hukiita BMI, na hesabu yake ni nyepesi. Chukua uzito wako kwa kilo, uugawe kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mama wa sentimita 160 mwenye kilo 77 amefika 30, na hapo ndipo unene wa kupindukia unapoanza kuhesabiwa. Akiwa na kilo 90 amefika 35; akiwa na 103 amefika 40. Mwaka 1991 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani ziliweka mpaka wa upasuaji kuwa 40, au 35 kwa mwenye maradhi yatokanayo na unene. Mwaka 2022 chama cha wapasuaji hao cha Marekani na kile cha kimataifa viliteremsha mpaka huo: 35 hata pasipo maradhi mengine, na kuanzia 30 mtu afikiriwe ikiwa ana maradhi kama kisukari.

Bibi harusi mtarajiwa mwenye kilo 72 anayetaka kuingia katika gauni la kukodi hayumo katika hesabu hii. Kadhalika unyonyaji wa mafuta katika kliniki za urembo ni jambo jingine kabisa: huondoa mafuta ya chini ya ngozi mahali fulani, wala hautibu kisukari. Wala si mchezo. Mnamo Oktoba 2024 mama mmoja alifariki jijini Nairobi baada ya kufanyiwa huo katika kliniki ya urembo, na baraza linalosimamia madaktari likaifunga kliniki hiyo. Watu walipoisikia habari ile waliichanganya na upasuaji wa tumbo, na hofu ikaenea kwa wasiohusika.

Kabla hatujaendelea, niseme neno juu ya lawama. Katika jamii zetu mwili mkubwa ulikuwa ishara ya neema. Mzazi akitoka uzazini hulishwa mpaka anawiri, na mume akikonda mkewe husemwa. Kisha mwili huohuo ukizidi, huyo huyo tuliyemlisha twamwita mlafi. Utafiti wa afya ya jamii uliofanywa Kenya mwaka 2014 ulionyesha kuwa mwanamke mmoja katika kila watatu ana uzito uliozidi kiasi. Hapa Nakuru sababu zaonekana kwa macho. Viazi vya Molo na Mau Narok vinateremka kwa malori, jioni vinageuka chipsi katika kila kona ya mji, na safari ya hatua mia tano twapanda bodaboda.

Wako wanaoitwaa Hadithi mashuhuri ya theluthi, isemayo juu ya sehemu ya chakula, ya kinywaji na ya pumzi, wakaifanya bakora ya kumpigia mgonjwa. Mafundisho hayo ni ya haki na ni dawa ya kinga. Lakini mwili uliokwisha kunenepa kupita kiasi hupigania uzito wake. Mwaka 1999 wataalamu wa Japani waligundua homoni itokayo zaidi katika sehemu ya juu ya mfuko wa tumbo, wakaiita grelini. Hiyo ndiyo humwambia mtu kwamba ana njaa. Mtu akipungua kwa kujinyima, homoni hiyo huongezeka, na mwili wake huanza kutumia nguvu kidogo kuliko mwanzo. Yeye anapigana vita ambayo aliyezaliwa mwembamba hajapata kuiona.

Dada mmoja wa hapa mjini, mwalimu wa shule ya msingi mwenye umri wa miaka 43, ameniruhusu nieleze njia aliyoipita bila ya kumtaja. Alikuwa na kilo 118 na kipimo cha 45. Ana kisukari kwa mwaka wa sita, magoti yanamlazimu kusali juu ya kiti, na usiku hukoroma mpaka pumzi ikakatika, mumewe akimtikisa ili arudi. Alifunga Jumatatu na Alhamisi, akaacha sukari, akatembea kila alfajiri kutoka Bondeni. Alipungua kilo 14 kwa mwaka. Mwaka uliofuata zilirudi zote, zikaja na nyingine tatu. Kaka yake aliyeko Muscat akajitolea kulipa gharama ya upasuaji. Mama yao, Bi Mkubwa wa watu, akasema kwamba kukatwa tumbo zima ni kumkosoa aliyeliumba.

Lililonifurahisha kwa dada huyu ni kwamba hakukimbilia kusema ndiyo wala la. Alinunua daftari la kurasa 96, kila ukurasa akaupiga mstari katikati. Upande wa kulia aliandika "niliyosikia", upande wa kushoto "niliyohakikisha". Alikaa nalo miezi saba. Amenionyesha, na mengi ya yanayofuata nimeyapanga kwa kufuata kurasa zake.

La kwanza alilosikia: utafia mezani. Lazima hofu hii iheshimiwe, maana nusukaputi na kisu havina mzaha. Utafiti wa hospitali kumi za Marekani uliochapishwa mwaka 2009 uliwafuata watu 4,776 waliofanyiwa upasuaji huu kwa mara ya kwanza. Katika siku 30 za mwanzo walifariki takriban watatu katika kila elfu. Ni wachache, lakini si sifuri, na hospitali zile ni za mabingwa. Upande wa pili wa mizani upo pia. Kule Uswidi, utafiti ulioanza mwaka 1987 uliwalinganisha watu elfu mbili na ushei waliopasuliwa na wengine kama wao waliotibiwa kwa njia za kawaida. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2007, baada ya wastani wa miaka kumi na ushei, yalionyesha vifo vichache zaidi kwa waliopasuliwa. Mwenye kuuliza "upasuaji una hatari gani?" hana budi aulize pia "kubaki hivi nilivyo kuna hatari gani?"

La pili: watakutoa tumbo ubaki na utumbo mtupu. Hili si kweli. Upasuaji wenyewe aghalabu hufanywa kupitia matundu madogo ya ngozi, kwa kamera. Aina mbili ndizo zilizoenea. Katika ya kwanza, daktari huondoa sehemu kubwa ya mfuko wa tumbo, kama robo tatu yake au zaidi, ukabaki jembamba mfano wa ndizi. Na kwa kuwa sehemu iliyoondolewa ndiyo ilitoayo grelini kwa wingi, njaa hupungua. Kilichoondolewa hakirudishwi. Ya pili ni ya baipasi, na sisi wakazi wa Kenya neno hilo twalijua kwa barabara. Hutengenezwa kijifuko kidogo juu, cha kiasi cha vijiko viwili vya chakula, kikaungwa na utumbo mwembamba sehemu ya mbele, chakula kikapita kando ya tumbo kubwa lililobaki. Daktari Edward Mason wa Iowa, Marekani, ndiye aliyeianzisha njia ya baipasi mwaka 1966, basi si jambo la jana. Dada yetu ana kiungulia kikali, na hapo alijifunza jambo ambalo hakuna jirani aliyemwambia: aina ya kwanza huweza kukizidisha kiungulia. Ilimu hii peke yake iliugeuza uchaguzi wake.

La tatu: utakuwa mwembamba kama msichana, na kisukari kitapona. Hapa kalamu yake ilikuwa imekoza. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018, wa watu zaidi ya 40,000, ulionyesha kwamba baada ya miaka mitano waliofanyiwa baipasi walikuwa wamepungua kwa wastani asilimia 25.5 ya uzito wao, na waliofanyiwa aina ya kwanza asilimia 18.8. Fanyeni hesabu kama alivyofanya yeye. Kilo 118, ukiondoa robo, zinabaki kama 88. Bado ni mwanamke mnene. Aliniambia, "Sheikh, nilikaa kimya siku mbili. Kisha nikajiuliza kama nataka wembamba au nataka kusujudu." Magoti yaliyobeba kilo 88 si yale yaliyobeba 118.

Ama kisukari, hospitali moja kubwa ya Cleveland, jimbo la Ohio, iliwafuata wagonjwa 150, wengine wakipewa dawa peke yake na wengine upasuaji pamoja na dawa. Baada ya miaka mitano, waliofikia kiwango kizuri cha sukari kilichowekwa walikuwa asilimia 29 ya waliofanyiwa baipasi, asilimia 23 ya wale wa aina ya kwanza, na asilimia 5 tu ya wale wa dawa peke yake. Faida ni kubwa. Hata hivyo wengi hawakufikia kiwango hicho, na aliyekaa na kisukari miaka mingi au anayejidunga insulini matumaini yake huwa madogo zaidi. Daktari anayeahidi kupona kwa yakini, mwogopeni.

La nne, ambalo kurasa zake ni nyingi kuliko zote: maisha ya baadaye. Wiki za mwanzo ni maji na vinywaji vyepesi, kisha vyakula vilivyopondwa, kisha laini, ndipo chakula cha kawaida kwa vijiko vichache. Mtu hutafuna sana na hula polepole. Hanywi pamoja na chakula. Hungoja kama nusu saa. Protini hutangulia: yai, samaki, maziwa mala, maharagwe yaliyoiva. Ugali, chapati na mkate huweza kumkwama kifuani. Vitamini na madini huwa ada ya maisha yake yote, hasa chuma, kalisi, vitamini D na vitamini B12, na damu hupimwa kila mwaka. Nywele hupukutika katika miezi ya mwanzo, kisha aghalabu huota tena. Ngozi hulegea. Mawe ya nyongo huweza kuzuka kwa sababu ya kupungua kwa kasi. Na uzito wenyewe huweza kurudi kwa atakayekunywa soda na kula vitamutamu kidogo kidogo mchana kutwa, kwani kijifuko kidogo hakizuii kinachoteremka kama maji.

Akina mama walio katika umri wa kuzaa walitambue jambo moja. Mwili ukipungua, uwezo wa kushika mimba huweza kurudi ghafla, hata kwa aliyekata tamaa. Madaktari hushauri mimba isubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, kwa ajili ya mama na mtoto. Tena vidonge vya kuzuia mimba huenda visifyonzwe vyema baada ya baipasi. Mume na mke walizungumze hili mbele ya daktari kabla, wala wasioneane haya.

Sasa tuje katika mambo yetu ya dini, ambayo madaktari wengi wa huku hawayajui mpaka waulizwe.

Funga ya Ramadhani kwanza. Anayelazimika kunywa maji funda kwa funda hawezi kuyafidia yote kati ya magharibi na alfajiri katika miezi ya mwanzo. Madaktari wengi hushauri asifunge kipindi hicho, na baadhi yao hufikisha mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Huyo ni mgonjwa, na ruhusa yake imo ndani ya Kitabu cha Mwenyezi Mungu. Atalipa akipata nguvu. Jambo la busara ni kuipanga tarehe mapema. Yuko aliyepasuliwa mwezi wa Shaabani, akataka kufunga ili majirani wasijue siri yake, na akalazwa hospitali kwa kukaukiwa na maji. Hata anapofika wakati wa kufunga, futari zetu zina mtego. Kwa aliyefanyiwa baipasi, sukari nyingi humwagika upesi katika utumbo, naye hutokwa na jasho, moyo ukamwenda mbio, tumbo likamkata, akataka kulala chini. Tende tatu, kaimati na uji mtamu, vyote kwa mpigo, vyatosha kumwangusha mtu mbele ya wageni wake. Tende moja atafune taratibu, au afuturu kwa maji, na sunna ameipata.

Pili, dawa zenye asili ya nguruwe. Baada ya upasuaji mgonjwa hudungwa sindano za kuzuia damu isigande, na zile zitumikazo sana, jamii ya heparini, nyingi hutengenezwa kutokana na utumbo wa nguruwe. Kadhalika baadhi ya vitamini huja ndani ya vidonge vya jelatini. Mwulize daktari mapema kama kuna badala. Katika sindano ipo iitwayo fondaparinuksi, ambayo hutengenezwa kiwandani pasipo mnyama, ingawa si kila mgonjwa inamfaa. Vitamini hupatikana za kutafuna au za maji. Badala isipopatikana, au daktari akiona haifai, basi ni mlango wa dharura, na damu iliyoganda ikifika kwenye mapafu huua. Haifai mtu kuikataa sindano hiyo kitandani kwa kuwa ameisikia habari hii siku hiyohiyo; aulize wiki kabla.

Tatu, istikhara. Nimewaona wanaoisali rakaa mbili usiku mmoja, wakaota ndoto njema, asubuhi wakapiga simu kliniki. Wanazuoni wetu wametufundisha kutanguliza ushauri wa wenye kujua, kisha istikhara. Mwenye kumwomba Mola wake amchagulie baina ya mambo mawili asiyoyajua hata moja, ameacha sehemu yake ya kazi. Na katika ushauri huo, mtafute tabibu mjuzi na mwaminifu. Fiqhi yetu imemfanya anayejitia utabibu bila ya ujuzi kuwa mdhamini wa alichokiharibu. Baraza la Matabibu na Madaktari wa Meno la Kenya, KMPDC, lina orodha ya madaktari waliosajiliwa, nayo huangaliwa kwa simu kwa dakika mbili. Jina lisiloonekana humo usilipe kisu.

Niongeze neno kwa familia. Sisi watu wa sinia. Mgeni akila vijiko vinne twahesabu kuwa ametutukana, na mwenye nyumba humsukumia nyama upande wake. Aliyepasuliwa ataketi kwenye sinia la biriani akala kiasi cha kiganja cha mtoto, kisha apumzike. Mwacheni. Msimuulize mbele ya watu kama anaumwa, wala msimwambie kwamba alikuwa mzuri zaidi zamani. Mume wa dada yetu alikwenda naye kwa mtaalamu wa lishe mara mbili, akaandika yeye mwenyewe orodha ya manunuzi ya sokoni. Nimewasalisha wanaume wengi ambao wasingefanya hivyo.

Bi Mkubwa naye alitulia kwa njia ambayo si mimi niliyeifungua. Binti yake alimuuliza, "Mama, wewe ulipotolewa mtoto wa jicho, ulimkosoa nani?" Akanyamaza, kisha akauliza tarehe.

Wala msidhani kwamba kila anayejifunza huishia kukubali. Mzee mmoja wa upande wa Gilgil, anayeishi peke yake, alipitia maswali yaleyale. Kipimo chake kilimruhusu, na fedha ya upasuaji alikuwa nayo baada ya kuuza kipande cha shamba. Alipojua kuwa vitamini na vipimo ni vya maisha yote, na kwamba wiki za mwanzo ahitaji mtu wa kumtazama, akasema yake si hayo. Amerudi kwenye dawa zake na mazoezi, anapungua kidogo kidogo, na anajua kwa nini amekataa. Nimemheshimu kama ninavyomheshimu yule dada.

Limebaki jambo la sisi wa Nakuru hasa. Wengi wanaoamua hupelekwa Nairobi, na wengine husafiri hadi India au Uturuki kwa kufuata bei. Nairobi ni kama kilomita 160 kutoka hapa, kupitia Gilgil na Naivasha, na anayeijua barabara hiyo siku ya msongamano wa malori anajua maana yake. Hatari kubwa ya siku na wiki za mwanzo ni mshono wa ndani kuvuja, au damu kuganda. Dalili zake ni moyo kwenda mbio hata mtu akiwa ametulia, homa, maumivu ya tumbo yanayozidi au yanayopanda begani, pumzi kuwa fupi, kutapika kusikokoma, au mguu mmoja kuvimba na kuuma. Hayo hayangoji asubuhi. Aliyepasuliwa ng'ambo akarudi siku ya sita, nani atampokea? Daktari wa zamu katika hospitali iliyo karibu nawe hajui ulichofanyiwa ndani usipokuwa na karatasi mkononi.

Kwa hiyo dada yetu alipokwenda Nairobi kuonana na daktari mpasuaji, alibeba daftari lake. Aliuliza amefanya upasuaji wa aina hii mara ngapi, na wangapi walirudishwa chumba cha upasuaji. Aliuliza kama kuna chumba cha wagonjwa mahututi katika jengo hilohilo, na kama ni lazima atibiwe kwanza kule kukatika kwa pumzi usingizini. Aliuliza kama atapata muuguzi wa kike na stara wakati wa kufungwa vidonda. Alitaka gharama yote kwa maandishi, pamoja na vipimo vya mwaka wa kwanza na itakuwaje ikitokea tatizo, na kampuni ya bima akaiandikia barua badala ya kuamini neno la simu. Alitaka barua nyingine ya kukaa nayo mkobani, ielezayo alichofanyiwa, kwa ajili ya daktari wa Nakuru.

Swali la mwisho la daftari lilikuwa hili: "Nikishikwa na homa saa nane za usiku nikiwa nyumbani Nakuru, nimpigie nani, naye atafanya nini?" Ananiambia kwamba daktari aliyemwona kwanza, mahali ambapo sitapataja, alicheka na kumwambia asiwe na wasiwasi. Aliondoka. Wa pili aliandika namba mbili, ya kwake na ya daktari mwenzake aliyeko huku bondeni, akampigia huyo mwenzake palepale mbele yake. Upasuaji umepangwa mwezi wa Shawwal, baada ya Idi, inshaAllah.

Juma lijalo, Mola akitujaalia uhai, tutazungumzia sindano mpya za kupunguza uzito, ambazo baadhi yenu mmeniulizia: namna zinavyofanya kazi, kwa nini uzito hurudi kwa wengi wanaoziacha, na hukumu ya kuzinunua kwa wachuuzi wa mtaani.

Wabillahi t-tawfiq.